Mashine Niliyoichagua kwa Uzito

Mume wangu alipanda Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini na saba, kwanza akibeba mizigo ya wageni, baadaye akiwaongoza, na magoti yake hayakulalamika hata siku moja mpaka yalipolalamika yote mawili kwa pamoja. Daktari alitazama picha, akavua miwani, akamwambia mlima basi. Kupanda si tatizo sana, alisema, kushuka ndiko kunakosaga magoti, na hakuna kazi ya kuongoza watu ambayo ni ya kupanda tu. Mume wangu alicheka palepale mbele ya daktari. Mimi kile kicheko nakijua. Ndicho alichocheka siku ng'ombe wetu wa kwanza alipokufa.

Tulirudi kwetu Uru, akakaa. Neno hilo mtu anaweza kulisoma haraka akapita, na mimi naomba asipite. Alikaa barazani asubuhi, akakaa barazani mchana, na niliporudi shuleni na madaftari ya darasa la tano nilimkuta amekaa. Hakuwa mgonjwa wa kuuguza wala mlevi wa kugombeza. Hao mke ana namna ya kuwamudu. Alikuwa mtu aliyeishiwa kazi. Akaanza kuniuliza saa. Yeye ambaye zamani alitazama mawingu tu akajua kama wageni watafika kambini kabla ya mvua, sasa ananiuliza saa ngapi, namjibu, anaitikia, na baada ya dakika tano anauliza tena. Akaanza kugombana na ng'ombe. Kisha akaacha kugombana na ng'ombe, na hapo ndipo nilipoogopa. Nimempenda huyu mtu tangu akiwa na shati moja, na nilikuwa namwona anazimika mbele ya macho yangu huku chai inapoa mkononi mwake.

Watoto wetu wawili wako Dar es Salaam na wana ushauri mwingi wa kwenye simu. Mmoja alisema tumletee kuku wa kufuga. Mwingine akasema tumnunulie televisheni kubwa. Nikawajibu kwamba baba yao hajafika umri wa kutulizwa kwa katuni, na wote wawili wakasema wana mkutano.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa bado nzito, bawaba ya geti letu ilikatika. Jirani mwenye pikapu alimpeleka mume wangu na ubawa wa geti kwenye karakana ya barabarani. Nilitegemea arudi baada ya saa moja. Alirudi jioni, macho mekundu yanatiririka machozi, kwa sababu alisimama kutwa nzima akitazama moto wa kuchomelea bila kioo cheusi wala chochote. Nilimkaripia mpaka sauti ikanikauka. Nikakata vipande vya viazi vibichi, maana huku ndivyo tulivyozoea macho yakiungua, nikamlaza chali na kumwekea. Akiwa na viazi machoni akasema taratibu, "Mwalimu, ile kazi ni nzuri sana."

Ananiita mwalimu hata nyumbani, hasa ninapomkaripia. Lakini siku hiyo sikulisikia hilo. Nilisikia neno nzuri. Ilikuwa miezi minane sijamsikia akisifu kitu chochote, hata ndizi nilizompikia kwa nyama aliyoipenda alikuwa akizimaliza tu, anasogeza sahani. Nikaamua palepale. Sikutaka kumfungulia karakana wala biashara. Ningemnunulia mashine ya kuchomelea ya kuchezea nyumbani: leo kigoda, kesho bawaba, na wiki ijayo asifanye kitu kama hataki.

Jumamosi nikashuka Moshi mjini bila kumwambia. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, kitenge kiunoni na koti la kazi juu yake, na alinipokea kwa maswali badala ya bei. Mashine itatumika mara ngapi kwa wiki? Nikasema labda mara moja, labda isitumike kabisa. Vyuma vya unene gani? Nikaonyesha kwa vidole. Umeme wa nyumbani ni wa njia moja au njia tatu? Nikasema ni wa kuwashia taa. Nyumba iko mbali na transfoma? Hilo nililijua: sisi ni nguzo ya mwisho kabisa, baada yetu ni migomba na mto.

Akashusha rafuni kimashine cha rangi ya chungwa, chenye mkanda wa kuvaa begani. Inaitwa inveta, akasema, na kwa mtu wa nyumbani anayechomelea mara mojamoja ndiyo inayofaa, kwa sababu inakula umeme kidogo na haitetereki umeme ukiwa dhaifu. Zile kubwa za koili ni za mafundi wenye umeme wa njia tatu na kazi ya kutwa. Alieleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza hesabu za sehemu. Nikakiinua kile kimashine. Nikakiinua kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika mkoba na mwavuli, na hapo ndipo akili yangu ilipofunga mlango.

Naomba nijitetee kidogo. Mimi nimekulia sokoni. Bibi yangu alinifundisha kununua mkungu wa ndizi kwa kuunyanyua, si kwa kuutazama. Mbuzi unamwinua kiunoni kabla hujauliza bei. Debe la mahindi unaliegemeza gotini kwanza, ndipo unafungua mdomo. Kwetu mtu akirudi kutoka mjini na kitu chepesi anaulizwa kama alikifungua akaona kuna kitu ndani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia muuzaji. Mume wangu alikuwa amepunguzwa vya kutosha. Daktari alimpunguza, magoti yalimpunguza, na wale wenzake wanaopita barabarani alfajiri na mabegi ya wageni walikuwa wanampunguza kila walipomwamkia. Sikutaka kumletea kitu kidogo zaidi. Nilitaka mashine ambayo akiitazama tu ajione mkubwa.

Nikamshukuru yule mama, nikasema nitarudi, naye akajua sitarudi.

Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu aliniambia kuna fundi kule Bomang'ombe anahamia kwa watoto wake na anauza vyombo vyake. Nikaenda. Mashine ilikuwa ya koili, chuma kitupu, rangi ya kijani imebabuka, kimo cha ndama, na ndani, fundi aliniapia, ni kopa tupu, yaani waya wa shaba. Nikashika pembe moja nikajaribu kuiinua. Haikutikisika. Nilifurahi sana. Wanaume wanne waliipakia kwenye pikapu wakiguna, na kila walipoguna mimi nilizidi kuona nimepata.

Mume wangu alitoka barazani na fimbo yake ya kutembelea. Akaizunguka ile mashine mara moja, akaipapasa mgongoni, akaniuliza kama nimemnunulia yeye. Nikasema ndiyo. Akasema aika, ndiyo asante ya lugha yetu, kwa sauti ndogo sana, nikadhani ni furaha imemkaba. Wanaume wakaishusha kwenye banda la zamani la kahawa, na pale ikabaki, maana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeweza kuisogeza hata hatua moja.

Basi yakaanza majaribio. Kila akigusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, taa zinafifia, redio inanyamaza, na swichi kubwa ya ukutani inakatika. Anaweka kijiti chini, anapanda ngazi tano za nyumba, anarudisha swichi, anashuka ngazi tano, anagusa tena, inakatika tena. Nikamwita fundi umeme wa hapa kijijini. Akasema swichi ni ndogo kwa mashine ile, halafu akaongeza kwamba kuweka kubwa kwa umeme wa kwetu si salama. Mimi nilisikia sehemu ya kwanza tu. Nikamsisitiza aweke kubwa, akaweka, kwa sababu nilimfundisha darasa la nne na mpaka leo ananiogopa. Mume wangu aliniomba tuiache kwanza. Nikamwambia asikate tamaa. Nilimwambia kwa sauti ya kutia moyo, ile ninayowapa watoto wanaoshindwa kusoma, na leo nikiikumbuka naona haya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi kali, ukungu umelala migombani tangu kulipokucha. Akavaa kofia ya kufunika uso, akagusa chuma. Swichi ya ndani haikukatika. Kule nguzoni kukasikika mlipuko mmoja, cheche zikashuka, na nyumba zote za mstari wetu zikazimika. Umeme ulirudi kesho yake mchana.

Chini yetu, hatua mia moja hivi kwa njia ya migombani, anaishi mama mjane mwenye umri wa mama yangu. Yeye ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi na sisi ni Walutheri, lakini ndiye aliyenipokea mwaka nilioolewa, akanionyesha ni upande gani wa mfereji wenye utelezi na ni shangazi yupi wa mume wangu nisibishane naye. Anafuga kuku. Mwanawe alikuwa amemletea mashine ya kutotolea mayai, na siku hiyo ndani yake kulikuwa na mayai sitini yaliyobakiza siku chache tu kuanguliwa. Aliyafunika kwa blanketi, akaongeza kanga, akayazungushia chupa za maji ya moto. Baridi ilishinda. Hakikuanguliwa hata kifaranga kimoja.

Hakuja kugomba. Angekuja kugomba ningejua la kufanya, maana na mimi nina mdomo. Alipita tu njiani akienda kanisani, akatusalimia vizuri, akapita.

Mume wangu aliifunika mashine kwa turubai, akaifunga kwa kamba, mafundo yale ya mlimani yasiyofunguliwa na upepo. Akarudi barazani. Aliniambia kwamba zamani watu walimkabidhi roho zao akazirudisha salama, na sasa kazi yake ni kuharibu mali za wajane akiwa nyumbani kwake. Sijawahi kumsikia akimsema mtu yeyote vibaya namna ile, na aliyekuwa anasemwa ni yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena saa. Nilitamani aniulize.

Kwetu kuna mmea tunaouita isale, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa akilifunga fundo jani lake na kulipeleka kwa aliyemkosea, yule hana ruhusa ya kukataa kumsamehe. Kununa anaweza, kukataa hapana. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikata jani mpakani mwa kihamba chetu, lile shamba la ukoo, nikalifunga. Mume wangu aliona, akataka twende wote. Alisimama, akaitazama ile njia inavyoteremka, mkono ukabana fimbo, akakaa tena. Nikamwambia si zamu yake. Aliyeichagua mashine ni mimi, na aliyelazimisha swichi ni mimi.

Nilimkuta mama mjane uani anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea na maharage. Nilisimama na jani langu mkononi mpaka alipomaliza ungo mzima. Nilistahili. Kisha akafuta mikono, akalipokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango, akasema limekwisha. Nikaanza kueleza habari za swichi na nguzo, akanikatisha: maelezo huletwa kabla ya jani, baada ya jani hayana kazi. Akaniuliza mume wangu yuko wapi.

Nikasema amekaa. Nilikusudia kuishia hapo, lakini maneno yaliyobaki yakatoka yenyewe. Nikamwambia jinsi anavyokaa, na chai inavyopoa, na jinsi alivyoacha hata kuuliza saa. Nikamwambia naogopa atanifia akiwa kwenye kiti, hana ugonjwa wowote. Nikalia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na yeye hakunibembeleza. Alinyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka kwenye banda lake la kuku na kunionyesha mlango wa mbao uliooza mpaka bawabani.

"Mwambie aje anitengenezee wa chuma," akasema.

Nikadhani ndiyo fidia ya mayai, nikamwambia kwa haraka kwamba tutatengeneza hata mabanda mawili. Akasema mayai yalikwisha pale mlangoni, hili la banda ni jambo jingine kabisa, anahitaji mlango. Nikamweleza kwamba mashine haiwezi kushuka huku, imeshushwa na wanaume wanne na haijasogea tangu siku hiyo. Akaurudishia ule mlango uliooza.

"Mwalimu, ni nani alinunua mashine isiyotembea?"

Nimesahihisha madaftari ya watu miaka yote hii, na nilipanda ile njia nikijiona nimepata sifuri.

Ile ya koili ilichukuliwa na karakana ya barabarani, ambako wana umeme wa njia tatu na vijana wa kuisukuma. Yule fundi umeme akarudisha swichi ya mwanzo. Nilimwomba radhi kwa kutomsikiliza, akasema "ndiyo mwalimu" akitazama viatu vyake. Kisha nikampeleka mume wangu mjini, kwenye duka lilelile, na safari hii nilijiapiza kunyamaza.

Kumbe yeye alikuwa na maswali yake, ameyatunza tangu siku ya karakana. Aliuliza mashine inaweza kuchoma dakika ngapi kabla ya kuhitaji kupumzika. Aliuliza umeme ukishuka jioni inafanyaje, waya wa kurefushia uwe mnene kiasi gani, na vijiti vya ukubwa gani visitoboe skwea paipu nyembamba, yale mabomba ya pembe nne. Alichagua kofia ya uso akaijaribu kwa kutazama taa ya dukani, akachagua glavu za ngozi zinazofika viwikoni. Mara mbili nilifungua mdomo na mara mbili nikaufunga. Mwisho akavaa mkanda wa kile kimashine cha chungwa begani, akatoka nacho nje ya duka, akatembea mpaka kwenye mti wa pili wa barabarani, akageuka, akarudi.

"Hii," akasema.

Yule mama muuzaji alikuwa na adabu ya kutonicheka mpaka tulipokwisha kulipa.

Jumamosi akashuka kwa mama mjane. Nilitaka kumpokea mashine, akakataa. Nilitaka kumshika mkono penye utelezi, akakataa. Alishuka upandeupande, fimbo kwanza, mguu baadaye, hatua mia moja zikamchukua muda wa kupika maharage, na mimi nyuma yake roho mkononi. Kabla ya kuchomeka waya alimwuliza mama mjane kama kuna mayai kwenye mashine. Hapakuwa na mayai. Akauliza tena. Ndipo akawasha, akagusa chuma, na taa ya jikoni kwa mama mjane haikufifia hata kidogo.

Mlango wa kwanza alioutengeneza maishani mwake haukuwa mzuri, na nasema hivyo kwa mapenzi yote. Alitoboa chuma mara mbili. Mshono mmoja ulijaa mabonge, mwingine ukaenda upande kama mstari wa mtoto wa chekechea. Alikata, akarudia, akagonga, akapiga msasa, akanituma maji, akanikaripia kwa kusimama kwenye mwanga wake. Nilikaripiwa nikafurahi. Mchana ulipita bila yeye kujua. Alipomaliza, mama mjane aliushika mlango kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu zake zote, kuku wakapiga kelele ndani, mlango ukashika. Akasema umekaa sawa, akatuletea kiburu kwenye bakuli moja, ndizi na maharage, tukala.

Mama mjane alipoingia ndani na bakuli, mume wangu alikuwa ameketi juu ya jiwe anakunja waya. Akasema bila kunitazama:

"Ile ya kwanza, mimi nilidhani umeninunulia nzito ili nisitoke nyumbani."

Nilishindwa hata kukaa. Wiki zote zile alizopanda na kushuka ngazi tano kurudisha swichi, alikuwa anafanya hivyo akiamini mkewe amemfunga kwenye kigingi, na bado akaniambia asante. Na mimi ndiye niliyekuwa namtia moyo.

"Nilitaka ujione mkubwa," nikasema.

Akaendelea kukunja waya mpaka ukaisha. Akaufunga kwa kamba. "Kumbe," akasema, na akanigusa shavu kwa glavu ile ngumu yenye masizi, kisha akainuka, akavaa mkanda begani na kutangulia. Miezi yote ile nilikuwa namwona uso tu, amekaa ananisubiri. Sasa nilimwona mgongo, unapanda mbele yangu, na nikalia taratibu ili asigeuke.